Ikola Ndani ya Kioo

Mhandisi mmoja aliyenikaribisha kwake nchini Ujerumani amejenga sebuleni tangi la samaki lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 80. Maji pekee ni lita 2,400, yaani karibu tani mbili na nusu. Kwa hiyo alianza kwa kuimarisha sakafu. Unene wa kioo, alinifafanulia, huamuliwa hasa na kina, maana msukumo wa maji huongezeka kadiri unavyoshuka. Kisha akayatia madini hadi yakakaribia ualkali wa Ziwa Tanganyika.

“Hawa ni Ikola,” akasema, na akalitamka jina sawasawa.

Ikola iko Katavi, kando ya ziwa. Wafugaji wa samaki wa mapambo wamelipa jina hilo kundi la Tropheus lenye mkanda mpana wa njano, kwa kuwa kila mwambao una rangi yake. Samaki hao hukwangua mwani miambani, na jike huatamia mayai kinywani.

Nikamuuliza wavuvi wa Ikola hupata nini. Akanijibu, bila haya wala kiburi, kwamba samaki wake walizaliwa Ujerumani, na wazazi wao vilevile. Kibali na ushuru humkuta samaki anapotoka nchini; wajukuu wake wanaozaliwa ng’ambo hawapiti forodhani kwetu.

Niliporejea niliwauliza wanafunzi wangu wa sera za umma Ikola iko mkoa gani. Walijibu wawili, mmoja wao mzaliwa wa Mpanda.