Feni za umeme kwenye Datsun 240Z: kwa nini sikuandika hata mstari mmoja wa programu

Leo tuziache hifadhidata zipumzike, twende gereji. Wewe uliyezoea kuja hapa kusoma habari za programu usikimbie. Mambo ni yale yale, ila huku mfumo ukianguka unapinda chuma.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mjomba wangu. Watu wa rika lake hawahitaji kuelezwa: gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini ina silinda 6 na kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma. Ikichemsha sana, kichwa hupinda na gasketi huungua.

Feni ya kiwandani huzungushwa na injini. Ukienda kilomita 80 kwa saa upepo wa barabarani unatosha kupoza rejeta. Lakini ukikwama kwenye foleni ya Mlolongo saa nane mchana, injini inazunguka polepole na feni nayo inazubaa, wakati ule ule unaoihitaji. Ndiyo sababu watu huweka feni za umeme.

Mjomba alikuwa ameshafungiwa mbili na gereji moja. Umeme wote ulipita kwenye swichi ya dashibodi, waya mwembamba mmoja, fyuzi moja. Siku moja zikazima njiani. Akaniambia, "Zikinizimikia tena, naliuza." Gari hilo ndilo nililojifunzia kuendesha, basi nikakunja mikono ya shati.

Kwanza hesabu. Kila feni inakula kama ampea 10. Ampea 20 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 4, unapoteza karibu volti 1.4. Feni inakosa nguvu, na waya unapata moto. Nikaipa kila feni waya wake wa milimita mraba 2.5: kwa ampea 10, urefu ule ule, unapoteza karibu volti 0.3 tu.

Pili, relei. Koili yake inahitaji kama ampea 0.15. Swichi ndogo inatoa amri, relei inabeba mzigo.

Hapa ndipo ugonjwa wetu wa programu ulipotaka kunishika. Nilikuwa na Arduino mezani. Ningeweza kupima joto, kubadili kasi, hata kuhifadhi kumbukumbu za safari. Lakini chini ya boneti kuna joto, mtetemo na umeme unaorukaruka. Kila kipande ningeongeza ni kipande kingine cha kufa. Na mjomba akikwama Voi, fundi wa pale ana taa ya kupimia umeme, hana kompyuta yangu.

Nikachagua swichi za joto za kawaida, zinazowasha kwenye nyuzi 92 na kuzima kwenye 87. Ule mwanya wa nyuzi 5 unazuia relei kuwaka na kuzima kila mara. Thamostati ya injini inafunguka kwenye 82, kwa hiyo lazima swichi ikae juu ya hapo, la sivyo feni hazitapumzika kamwe.

Kisha nikajiuliza, kwa kila kipande: hiki kikifa, nini kitatokea?

1. Swichi ya joto ikifa? Kila feni ina swichi yake, relei yake na fyuzi yake. Moja ikilala, nyingine inafanya kazi.

2. Zote mbili zikikataa? Kwenye dashibodi kuna swichi ya mkono inayowasha relei zote bila kupitia swichi za joto.

3. Dereva atajuaje? Kila feni ina taa ndogo iliyounganishwa kwenye waya wa feni yenyewe, si kwenye waya wa amri. Amri inaweza kutolewa na umeme usifike.

4. Amita ya zamani je? Nilichukua umeme kwenye alteneta, nikaweka fyuzi karibu kabisa na hapo. Ukiuchukua kwenye betri, mzigo wa feni unapita ndani ya amita na kukudanganya kwamba betri inachajiwa.

5. Waya wa hasi? Swichi za joto zimekaa kwenye kiunganishi cha alumini katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo swichi ya waya mmoja isingefanya kazi. Nilitumia za waya mbili, na hasi zote zikaenda kwenye bodi baada ya kukwangua rangi.

Jaribio lilikuwa rahisi. Injini ikiwa imepata moto, gari limesimama uani, nilichomoa fyuzi ya kwanza. Taa moja ikazima, feni ya pili ikaendelea, mshale wa joto ukapanda kidogo ukatulia. Nikarudia kwa ya pili. Nikachomoa waya za swichi zote mbili za joto, mjomba akabonyeza swichi ya mkono, feni zikavuma.

Mchoro wa waya nimeuchapisha na kuuweka kwenye droo ya dashibodi, kwa Kiswahili, pamoja na relei mbili na fyuzi nne za akiba. Mjomba amekwenda Mombasa na kurudi, na habari ya kuuza gari haijatajwa tena.