Ivrea, mji uliowapa wanafunzi bodi ya roboti

Ivrea ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, takriban kilomita 50 kutoka Torino. Mto Dora Baltea unapita mjini, na juu yake imesimama ngome ya kale yenye minara ya matofali mekundu. Pembeni yapo majengo ya Olivetti, kampuni iliyoanza mwaka 1908 kwa kutengeneza taipureta. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji huo wa viwanda katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtoto anayejenga roboti shuleni huenda hajawahi kuusikia mji huu, ingawa kazi yake ameishika mkononi. Hapa ndipo bodi ya Arduino ilipozaliwa mwaka 2005, katika chuo cha usanifu. Wanafunzi wengi wa chuo hicho hawakuwa wahandisi, na bodi waliyoitumia awali iligharimu karibu dola 100. Mwalimu Massimo Banzi na wenzake wakatafuta kitu rahisi na cha bei nafuu. Jina walilipata kwenye baa waliyozoea kukutania, iliyoitwa kwa jina la Arduino, aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Chuo kilipokaribia kufungwa, waliiweka michoro ya bodi wazi ili yeyote aitengeneze. Chuo kikafungwa, bodi ikabaki.

Siku hizi zoezi linalopendwa na wanafunzi ni kuiunganisha bodi hiyo na kihisi mwendo. Kifaa hicho kidogo kina pini tatu: mbili za umeme na moja ya ishara. Kinahisi joto la mwili. Mtu akipita mbele yake, kinapeleka ishara kwenye bodi, kisha programu inaamua kama roboti igeuke, iwashe taa au ipige kengele.

Wengi hukwama roboti inapoanza kutembea. Kengele inalia hata kama chumbani hamna mtu. Kihisi hakiwezi kutofautisha kati ya mtu anayepita na roboti inayokibeba. Kikisogea, ukuta wa baridi na dirisha lenye jua vinapita mbele yake, nacho kinadhani kuna kiumbe. Tena, kila kikiwashwa kinahitaji karibu dakika moja kutulia.

Dawa yake haiuzwi dukani, inaandikwa kwenye programu. Dakika ya kwanza bodi isisome chochote. Baadaye roboti itembee, isimame, isubiri ishara ya zamani ikatike, ndipo isome. Ishara yoyote inayokuja magurudumu yakiwa yanazunguka ipuuzwe.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi nyumbani analalamika kuwa kihisi ni kibovu, usikimbilie kumnunulia kingine. Mwulize kwanza: kengele ilipolia, roboti ilikuwa imesimama au inatembea?