Daftari la Safari ya Idjwi



Katika kabati la chumba cha vijana parokiani kwetu, hapa Goma, kuna daftari la kurasa mia moja ambalo mmoja wetu aliliandika juu yake kwa kalamu nyekundu: SAFARI YA IDJWI. Ndani yake mna hesabu za fedha, orodha za majina, ramani iliyochorwa kwa mkono na kurasa mbili za masharti. Safari yenyewe haijafanyika. Tumeona vema tuwasimulie jinsi tulivyoipanga, kwa kuwa mipango ile ilitufaa katika siku ambazo hatukuwa tumezipanga.

Wazo lilizaliwa Novemba 2024. Tulikuwa tumechoka. Barabara ya kwenda Minova kwa njia ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, bei za sokoni zilikuwa zimepanda, na kambi za waliokimbia vijiji vyao zilikuwa zimeuzunguka mji. Katika mkutano wa Jumamosi dada mmoja alisema kwamba angependa, japo kwa siku nne, kulala mahali ambapo hatasikia mlio wa bunduki. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kwa ukali kidogo: je, ni haki sisi twende kutembea kisiwani, hali watu wa Bulengo wanalala chini ya plastiki?

Swali hilo lilitushughulisha Jumamosi mbili. Aliyelijibu ni kaka ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiishi kambini pamoja na mama yake. Alisema: «Ndugu zangu, msitutumie sisi kama sababu ya kujinyima. Hata kambini watoto wanacheza mpira. Mkienda, mniandike na mimi.» Jina lake likawa la kwanza katika daftari.

Kisha tulichagua kisiwa. Baadhi yetu walikitamani Tchegera, kile kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, ambacho ni ukingo wa volkeno ya kale uliobaki juu ya maji. Kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na wageni waliowahi kulala humo husimulia juu ya kayaki, ndege wa majini, na mwanga mwekundu wa Nyiragongo usiku. Lakini mahema ya huko yaliwekwa kwa ajili ya watu wanaolipa kwa dola nyingi, nasi kila juma tulikuwa tukitoa franka elfu mbili, na tena kwa shida. Tukageukia Idjwi.

Idjwi ni kisiwa kikubwa. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika kinatanguliwa na Ukerewe peke yake. Kimegawanyika katika utawala wa Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini, na kahawa na mananasi yake yanajulikana katika masoko yetu. Zaidi ya hayo, kisiwa hicho kimepita miaka mingi bila vita ambavyo bara imevizoea, na mwaka 1994 kilipokea wakimbizi waliovuka maji kutoka Rwanda. Kwa vijana waliozaliwa katikati ya milio, kwenda kuona mahali ambapo jirani anamwamini jirani kulikuwa kivutio kuliko ufuko wowote.

Ukurasa wa tano wa daftari unaorodhesha tuliyotaka kufanya huko. Siku ya kwanza, kupiga mahema na kupika sambaza. Siku ya pili, kupanda hadi kwenye vilele vinavyopita mita 2,000, kwa miguu, bila haraka, ili wazito wasiachwe nyuma. Siku ya tatu, kujifunza kupiga kasia kwenye mtumbwi, na jioni kuwatazama wavuvi wakitoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, yenye miti mirefu ya kushikia nyavu, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Siku ya nne ilikuwa na neno moja tu: kupumzika. Neno hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote, maana wengi wetu hatukujua mtu hufanya nini anapopumzika.

Ndipo tukafika kwenye jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilikwepa, nalo ni ziwa lenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao ufukweni. Walikufa makumi. Wengi walikuwa wamepanda maji kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Miongoni mwa marehemu alikuwamo shangazi wa mwenzetu, dada mshonaji, aliyekuwa akiketi kila mara karibu na mlango wa chumba chetu cha mikutano.

Tulidhani hatajiandikisha, na tuliona haya kumwuliza. Siku moja alisimama mwenyewe akasema: «Mimi sina hasira na ziwa. Ziwa halikujua limebebeshwa watu wangapi. Sisi watu ndio tuliokataa kuhesabu.» Kisha akaomba kalamu, akaandika sharti la kwanza: idadi ya wasafiri haitazidi idadi ya jile.

Jile ndilo jina tunaloliita hapa koti la kuokolea majini. Tulikuwa 24. Mwenye mashua tuliyemwendea alitwambia kwa upole kwamba anazo 14, na kwamba zinatosha, kwa kuwa «si kila siku mashua inazama». Tulimshukuru tukarudi na hesabu yetu: zinapungua kumi. Walikuwapo waliosema waende 14 na wengine wangoje zamu ya pili. Walikuwapo waliosema wanaojua kuogelea waende bila jile. Dada yule alikataa yote mawili, na baada ya majadiliano tulimfuata. Ama tunanunua kumi, ama hakuna anayepanda.

Sharti hilo lilizaa mengine. Tulipoulizana nani anajua kuogelea, walijitokeza tisa kati ya 24. Sisi tuliokulia kando ya ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 400 tulikuwa tumelitumia kufulia nguo tu. Basi kila Jumamosi wale tisa waliwafundisha wengine mahali pa maji mafupi, kila mwanafunzi na mwenzake wa kumwangalia. Tukaandikwa wawili wawili, jozi 12, kwa sharti kwamba hakuna anayeingia majini wala kutoka kabla mwenzake hajajua. Ziwa letu halina mamba wala viboko, lakini pwani hii ya volkeno ina mazuku, hewa nzito ya ukaa inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watoto kimya kimya. Kwa hiyo tuliandika pia: hakuna kuketi wala kulala penye shimo au bonde, hasa alfajiri wakati upepo haujaamka.

Tarehe nayo ilitupa somo. Tulitaka juma linalofuata Pasaka, hadi mzee mmoja mvuvi alipotuuliza kama hatujui Aprili ni mwezi wa mvua. Tukaisogeza hadi Julai 2025, kiangazi, baada ya shule kufungwa. Katika mfuko tulikubaliana kwamba bahasha za michango zisiandikwe majina, ili asiye na kitu asionekane. Mweka hazina wetu anasema hakuna juma ambalo bahasha zilipungua 24, ingawa anajua kwa hakika kwamba nyumba nyingine hazikuwa na hata unga. Mpaka leo hatujui ni nani waliokuwa wakiweka mara mbili.

Kufikia katikati ya Januari 2025 tulikuwa tumenunua jile nne.

Siku kumi na chache baadaye vita viliingia mjini. Ninyi mlio Goma hamhitaji kusimuliwa. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, intaneti ikapotea, na watu wakateremka na bido zao kuteka maji ya ziwa. Tulilala chini sakafuni, mbali na madirisha, kila mtu na familia yake, bila kujua habari za mwenzake.

Mapigano yalipotulia, katibu wetu alitoka nyumbani na daftari chini ya kitenge. Ukurasa wa wasafiri ulikuwa na kila tulichokihitaji: jina, mtaa, nambari ya mzazi, ugonjwa wa kuangaliwa, na jina la mwenzake wa jozi. Nani ana pumu, ilikuwa imeandikwa. Nani anaishi peke yake na bibi yake, ilikuwa imeandikwa. Hatukuitisha mkutano. Kila mmoja alimtafuta mwenzake wa jozi, kwa miguu, kutoka Ndosho hadi Majengo, kutoka Himbi hadi Katindo, kisha akapeleka habari kwa katibu, naye akaweka alama kando ya jina.

Ilichukua siku tisa. Kumi na wanane walikuwa mjini. Wanne walikuwa wamevuka mpaka kwenda Gisenyi. Mmoja, ambaye alikuwa ameleta swali kali la mwanzo, alifika Idjwi kabla yetu sote, amekimbia kwa mashua pamoja na wazazi wake. Alituma ujumbe kwamba mananasi ni matamu kama tulivyoambiwa na kwamba anatuona haya. Tulimjibu kwamba asione haya, atuchagulie mahali pa kupiga mahema.

Jina moja halina alama. Ni lile la kwanza. Kambi aliyokuwamo ilivunjwa, watu wakatawanyika, na simu ya mama yake haijaita tena. Mwenzake wa jozi anaendelea kuulizia kila anapokutana na mtu wa kwao. Hatujalifuta jina hilo wala hatutalifuta. Katika hesabu yetu sisi tungali 24.

Fedha za safari tulizigawa. Sehemu kubwa ilinunua unga na dawa ya kutibu maji kwa ajili ya nyumba zilizoporwa. Wengine walipendekeza tuziuze na zile jile nne. Dada mshonaji aliuliza: «Na siku tutakapopanda, tutaanza kuhesabu upya?» Hazikuuzwa. Zimetundikwa ukutani chumbani kwetu, na Jumamosi, hali inaporuhusu, zinateremka ufukweni pamoja na wanaojifunza kuogelea. Leo wanaoweza ni 17.

Zamani tulidhani kupanga likizo ni anasa ya walio na amani. Sasa twaona kwamba waliopanga mapumziko kwa uangalifu wanakuwa wamekubaliana jambo zito kuliko mapumziko: kwamba kila mmoja ana thamani ya koti moja, mwenzi mmoja na mstari mmoja katika daftari, na kwamba mashua isiyo na nafasi kwa wote itangoja. Yeyote anayeweza kukubaliana hivyo kwa ajili ya siku nne za furaha, atajua pa kuanzia siku ya mashaka.

Julai ile ilipita bila sisi kuvuka maji. Tarehe mpya hatujaiandika, ila ukurasa wake upo wazi.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Kama leo kungetokea jambo mjini kwenu, je, mna orodha ambayo kwayo mngeweza kutafutana?

2. Ni nani katika kikundi chenu asiyeweza kulipa mchango wa matembezi, na je, mmepata njia ya kumchukua bila kumwaibisha?

3. Ni mara ngapi mmepanda mashua au gari mkijua kwamba limejaa? Nani kati yenu angethubutu kusema tushuke?