Shangazi Anataka Miguu Yake

Kumi na nne kwa ishirini. Ndiyo alama aliyopata shangazi yangu Jumanne iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Leeds, mbele ya watu kama thelathini wenye vikombe vya chai mapajani. Najua, najua, alama zilikuwa za picha na si za mtu. Lakini ule ulikuwa uso wa shangazi kwenye skrini yenye upana wa ukuta, na mwanamume asiyemjua alikuwa amesimama pembeni akimkosoa kwa fimbo ya taa nyekundu. Nilirudi nyumbani nimefura.

Waingereza wana klabu za kamera kama sisi tulivyo na vikoba. Karibu kila mji unazo, wanachama wengi ni wastaafu, na jioni ya mashindano huletwa jaji kutoka klabu nyingine ili asiwapendelee rafiki zake. Picha zinapita moja moja bila jina la mpigaji. Jaji anaziangalia kama mtu anayenunua mbuzi mnadani: anafungua mdomo, anabonyeza mbavu, anarudi nyuma hatua mbili, anaguna. "Jicho langu linavutwa na ile nukta nyeupe kwenye kona." "Upeo wa bahari umelala upande." Halafu anataja alama, na mwenye picha anatazama mbele asijulikane, ingawa masikio yamemwiva.

Anayeshinda ni mdiria. Kila mwezi mdiria. Mzee mmoja wa klabu yetu hukaa kando ya mto ndani ya kibanda cha turubai tangu alfajiri, amejaza chupa ya chai, akimsubiri huyo ndege azamie samaki. Picha yake unahesabu matone ya maji. Namheshimu kwa dhati, na mengi ninayoyajua nimefundishwa na yeye. Lakini ndege wa watu kapata ishirini, na shangazi kaambiwa kwamba "uso ungeng'arishwa kidogo."

Ung'arishwe! Uso ule ndio kitu pekee nilichokitolea jasho katika picha ile.

Miaka yangu miwili ya mwanzo nilikuwa mtu wa oto. Nilinunua Nikon D5300 ya mkononi, na lenzi yake ya 18-55mm, nikazungusha gurudumu la kamera hadi kwenye alama ya kijani nikaliacha hapo. Kila harusi nikilalamika kwamba kamera mbovu. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, mimi nabonyeza, picha inatoka kanzu ya kijivu na uso umezama, yamebaki meno. Nampiga bibi aliyejifunika buibui, uso wake unatoka kama amepakwa unga wa muhogo. Nikaanza kuweka akiba ya kamera kubwa zaidi.

Aliyenizuia ni mzee wa mdiria. Akanieleza kwamba kamera haimjui bwana harusi wala bibi. Inapima mwanga uliorudi kutoka kwa chochote ulichokiweka mbele yake, na inataka wastani wake uwe kijivu cha katikati. Ukiijazia kanzu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukiijazia buibui, inadhani giza limeingia, inaongeza. Haikuharibika, inatii. Karibu na kitufe cha kupigia kuna kingine kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Miaka miwili kidole changu kilipita juu yake. Sasa kwa kanzu napandisha hadi +1 hivi, kisha naangalia kioo cha nyuma nisije nikaunguza nyuzi za kitambaa zikabaki doa jeupe tupu. Kwa buibui nashusha. Kama uso ndio muhimu, napima usoni peke yake, hayo mengine yajitegemee.

Nilipomwambia mzee kwamba picha zetu za utotoni zote zilitoka hivyo, nyuso zimezama, akaniambia habari ya kadi za Shirley. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha ngozi zote. Nikawaza albamu zetu pale sebuleni, chini ya meza ya kioo, ambazo kwazo tulikuwa tunamlaumu fundi wa studio.

Kwa hiyo Agosti iliyopita, siku ya harusi nyumbani Tanga, kibarazani kwa shangazi, Ngamiani, nilishusha hadi -1 kwa makusudi. Nyuma yake kulikuwa na ule mlango wa zamani ulioiva weusi, na kamera ingeuona ingemng'arisha mwanamke wa watu mpaka awe na rangi ya mtu mwingine. Niliacha weusi wake uwe wa kwake, mwanga wa barabarani ukamlamba shavu moja na ncha ya kilemba. Jaji hajawahi kumwona shangazi. Mimi namjua tangu nanyonya.

Hilo la mwanga nalo linaniudhi kwa namna nyingine. Huku Leeds mwanga ni wa bure. Desemba jua la adhuhuri halipandi, linajikokota juu ya mapaa kama linaumwa mgongo, na likitokea (likitokea!) basi mchana kutwa ni ule mwanga wa manjano wa pembeni ambao kwetu unaupata dakika chache. Saa kumi kasoro robo alasiri limeshazama. Juni ni kinyume: saa tatu na nusu usiku bado unapiga picha bila haraka, unahamisha stendi ya kamera ya miguu mitatu, unakula biskuti.

Tanga jua halina simile. Saa tano asubuhi limeshakaa utosini, kila uso una mashimo mawili mahali pa macho, na pua ina kivuli kama masharubu. Jioni ukisema ngoja nibadilishe lenzi, limekwisha. Kuanzia saa kumi na mbili kasoro unapiga kama mtu anayekimbiza basi, na dakika ishirini baada ya kuzama ni giza, mbu na muadhini. Nimejifunza kuacha kushindana nalo. Saa za jua kali naingiza watu kivulini, kwenye baraza, chini ya mwembe, mlangoni uso ukielekea nje. Mchanga mweupe wa uani unarusha mwanga juu na kujaza yale mashimo ya macho. Wapiga picha wetu wa zamani walilijua hili bila klabu wala jaji.

Lenzi ninayoitumia kwa watu ni 50mm f/1.8 ya kizamani, niliyoinunua kwa bei ya kutupa nikajiona mjanja. Kumbe D5300 haina mota ndani, na lenzi hiyo inaitegemea mota ya kamera ijilenge. Nikabaki kulenga kwa mkono, nazungusha pete kama natafuta stesheni kwenye redio ya mbao. Mwezi mzima watu wangu wote walikuwa na masikio makali na macho ya ukungu, maana kwa f/1.8, ukiwa karibu, kutoka jichoni hadi sikioni ni safari. Lakini ukibahatisha jicho, kila kilicho nyuma kinayeyuka kama samli. Nikalewa. Nikapiga kila kitu kwa f/1.8, hata kuku.

Watu wa nyumbani sasa. Leeds sheria hainizuii kupiga picha barabarani, ila watu wenyewe wanageuza shingo, na mtoto asiye wako usithubutu hata kumwelekezea. Ndiyo maana klabu imejaa ndege, mabomba yenye kutu na migongo ya watu wenye miavuli. Tanga nikitoa kamera kwenye mkoba, watoto kumi wameshajipanga, vidole viwili juu, "nipige na mimi!" Mlinzi wa jengo lililo ng'ambo naye anakuja na rungu kuuliza kibali kiko wapi, kisha baada ya mazungumzo anaomba apigwe na yeye, amesimama wima, kofia sawasawa. Na usiku simu hailali: nitumie. Nitumie zote. Picha mia nne za harusi, leo leo, kwa WhatsApp inayozibana mpaka kilemba cha bibi harusi kinafanana na sufuria. Ukimwambia mtu subiri nizichambue nibakize thelathini, anakuona una roho mbaya.

Basi ile picha ya kibarazani nikamwonyesha shangazi jioni ileile kwenye kioo cha kamera. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu, nami nikingoja nisifiwe.

"Baba, miguu yangu iko wapi?"

Nikamwambia Shangazi, hii ni ya uso.

"Nimeuona uso, nashukuru, nimependeza. Lakini viatu hivi nimevinunua kwa ajili ya harusi hii. Na mlango mbona umeutia ukungu? Mlango ule kauleta marehemu babu yako. Mtu akiiona hii atajuaje kama niko kwangu?"

Sikuwa na jibu. Juu ya kabati lake la vyombo ipo picha tuliyopigwa Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, mimi nikiwa na miaka sita. Mliovuka feri enzi hizo mnakumbuka vile vibanda vya picha, kila kimoja na pazia lake la kuchora. Sisi tulichagua ndege. Wakati ule hapakuwa na mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuipanda, lakini pale tumesimama mbele yake, baba, shangazi na mimi, mikono ubavuni, viatu sita vinang'aa, na ndege imeonekana yote hadi mkia. Yule fundi angeninyima mkia wa ndege kwa sababu ya f/1.8, shangazi angedai hela yake.

Kesho yake akavaa upya: kitenge, kilemba, viatu. Nikamsimamisha palepale kivulini, nikarudi nyuma hadi katikati ya barabara, kijana wa bodaboda akanisubiri bila kupiga honi, nikafunga tundu la lenzi hadi f/8. Nakshi za mlango zote, kigoda, ndala za wajukuu kizingitini, shangazi toka kilemba hadi kisigino, amenuna kwa heshima kama anavyotakiwa mtu mzima kwenye picha. Klabuni wangesema amesimama katikati mno na ndala zinavuta jicho. Nikamtumia bila kubanwa, kama faili.

Jumanne, ndani ya basi, bado nimefura na kumi na nne yangu, nikafungua simu nimtumie salamu. Nikakuta amebadilisha picha ya wasifu, kaweka ile ya viatu. WhatsApp, na kale kaduara kake, imemkata kuanzia mabegani kwenda chini.

Nikatazama saa, kule ni usiku wa manane. Nikasema kesho nitampigia, ila sijui nianze vipi.