Leseni ni Shahada

Sisi watu wa pwani tunapomuaga msafiri anayehamia Ulaya, mazungumzo huwa ni viza, nauli, makoti ya baridi na wapi atapata nyama iliyochinjwa kwa sheria. Sijapata kumsikia mzee hata mmoja barazani akiuliza, "Je, leseni yake ya gari itamfaa huko?" Wala mimi nisingeliuliza, lau jambo lenyewe lisingelinifuata dukani kwangu, mbali na bahari, katika mji wa Bariadi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Bariadi niliingia kwa biashara ya vitambaa zamani, mji huu ulipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikafanywa makao yake makuu. Anayetaka kuujua mkoa huu na aje msimu wa pamba unapofunguliwa, mwezi wa Mei au Juni. Hapo ataona magari yamejazwa mpaka yamevimba kama magodoro, yanatoka vijijini kwenda kwenye vinu vya kuchambulia, na huku makundi ya ng'ombe yanavuka barabara bila ya kumwogopa mtu. Siku hizi lami ipo, kutoka Lamadi mpaka Bariadi, na kutoka hapo kwenda Maswa hadi Mwigumbi. Lakini pamba hailimwi kwenye lami. Dereva wa pamba ni yule awezaye kulitoa gari kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, na hilo si kila mtu huliweza.

Mtoto wa ndugu yangu aliliweza. Alikuja kwangu kutoka Tanga alipomaliza shule, nami nilitumai atakaa dukani. Lakini mkono wake haukutaka mkasi, ulitaka usukani. Alianza utingo, akajifunza, akatahiniwa, akapata leseni, khalafu akaenda Dar es Salaam katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kusomea magari makubwa. Miaka kumi na moja ameendesha Fuso katika mkoa huu, wala sijasikia kwamba amegonga hata mbuzi. Mwaka 2023 akahamia Leicester, Uingereza, kwa mkewe, binti wa nyumba moja ya Mombasa iliyokwisha kuhamia huko. Tukamsomea dua, akaondoka, na leseni yake mfukoni.

Hakukaa mwezi ikaja sauti yake katika simu. "Shikamoo Ami. Leseni yetu hapa haibadilishwi."

Nilidhani labda karani mmoja amemwonea. Nikamtaka anieleze vizuri, naye akanieleza. Waingereza wana orodha ya nchi. Mtu aliyetoka katika nchi iliyomo katika orodha, mathalan Zimbabwe, Afrika Kusini, Japani, Korea ya Kusini au Uswisi, hupeleka leseni yake ya kwao, akalipa ada, akaletewa ya Kiingereza, wala hatahiniwi. Mwaka 2021 waliongeza nchi nyengine, na Muungano wa Falme za Kiarabu ukaingia. Tanzania haimo. Na msomaji wa Mombasa asicheke, kwani Kenya pia haimo. Mwenye leseni yetu akishakuwa mkaazi wa huko huruhusiwa kuendesha gari ndogo kwa miezi 12 tu. Miezi hiyo ikipita, leseni yake ni kama karatasi ya kufungia bisi. Itampasa achukue leseni ya kujifunzia na afanye mitihani yote, kama mtoto wa miaka 17. Ama gari kubwa, ambalo ndilo riziki yake, haruhusiwi kuligusa hata siku moja mpaka atahiniwe huko.

Tazama jambo hili linavyostaajabisha. Mwingereza alitawala Tanganyika mpaka mwaka 1961, na mpaka leo tunaendesha upande wa kushoto kama yeye. Mtu wa Dubai au wa Uswisi huendesha kulia, na leseni yake inapokelewa. Wa Bariadi, aliyezoea kushoto tangu utingo, anaambiwa aanze alifu. Kijana alikuwa na jirani, Mzimbabwe, aliyepeleka leseni yake kwa posta na akarudishiwa nyengine kwa posta. "Ami," akasema, "huyu hajapata kuendesha lori maisha yake."

Uchungu wake niliufahamu. Lakini nilikaa nikaifikiri leseni yenyewe ni kitu gani, nikaona kwamba watu wengi, na waendeshaji wenyewe wakiwamo, hawaijui. Wengi huidhani ni risiti: umelipa, umepewa. Kwa hakika leseni ni shahada. Serikali inasema mbele ya watu wote, "Huyu tumemtazama kwa macho yetu, na tunashuhudia kwamba anaweza kuendesha bila ya kumdhuru mtu." Na kuibadilisha leseni ya kigeni ni kuipokea shahada ya mtu mwengine bila ya kuhakikisha tena. Sasa, sisi Waislamu si wageni wa jambo hili. Kadhi hapokei shahada kwa kuwa tu mtu amesimama akasema. Kwanza huuliza khabari za shahidi, ni mwadilifu au si mwadilifu. Asiyemjua hampokei, na kutopokelewa huko si kutukanwa.

Na shahidi hupokewa aghalabu pale anapojulikana. Simama njia panda ya Lamadi, ambapo barabara ya Mwanza na Musoma inakutana na ile ya Bariadi, utayaona magari ya Kenya yaliyoingilia Sirari yakipita na madereva wao wakiwa na leseni za kwao. Hapana anayewaambia waanze upya. Ni majirani, tumezoeana, na serikali zetu zimekubaliana. Kinyume chake, Wajerumani ni wakali kuliko Waingereza: wao humpa mgeni miezi sita tu, kisha naye hutazamwa katika orodha, Namibia na Afrika Kusini zimo, sisi hatumo.

Nilimwambia kijana maneno haya. Akanyamaza. Baada ya wiki mbili akaja na khabari nyengine, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Alikuwa amekutana huko na mtu, anazungumza Kiswahili kama sisi, anasali safu moja nao. Mtu huyo akamwambia kwamba njia ipo. Itafanywa leseni ya nchi mojawapo iliyomo katika orodha, yenye jina lake na picha yake na tarehe ya nyuma, kisha itapelekwa kubadilishwa kama za wenzake. Bei alinitajia, siiandiki hapa nisije nikawa dalali wa dalali. Akaniomba nimkopeshe nusu.

Sheria ya Waingereza haikusahau kwamba watu ni werevu. Leseni inayobadilishwa sharti mwenyewe awe ameipata kwa kutahiniwa katika nchi iliyoitoa. Basi hapo uwongo haukuwa mmoja. Ingelimpasa adai kwamba alikaa nchi asiyopata kuikanyaga, kwamba alitahiniwa na watu asiowajua, kisha atie saini chini ya maneno hayo. Nikamwambia, "Mwanangu, Mtume (s.a.w.) ameihesabu shahada ya uwongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, nawe unataka niinunue kwa mkopo. Na siku ukimgonga mtoto wa watu, hata kama kosa ni lake, utaeleza nini?"

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza amenishika yeye. Akasema, "Sawa Ami. Na huko kwetu? Hapo dukani, wanaopita barabarani mbele yako, ni wangapi wana leseni na hawajakaa katika kiti cha mtihani hata dakika tano?"

Nikakosa jawabu la haraka. Sitaji mji wala ofisi, lakini kila aliyeishi Afrika ya Mashariki amepata kumsikia mtu akisema, "Mimi leseni yangu ilinifuata nyumbani." Wala hasemi kwa haya, husema kwa kujivuna, na wanaomsikiliza hucheka. Kama mtu angelisema cheti chake cha udaktari kilimfuata nyumbani, tungelikimbia. Huyu wa gari tunapanda naye, na watoto tumewapakata.

Kanuni zetu si mbovu. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973. Polisi ndio wanaomtahini mwombaji, na Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo inayotoa kadi. Mwaka 2010 zililetwa kadi mpya za kisasa, ili zile za kughushi zipungue. Mtu hupigwa picha, hutiwa alama za vidole, na lazima awe na namba ya mlipakodi. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu kuwa mitano, na ada ikatoka shilingi 40,000 ikawa 70,000. Yote hayo ni mema. Lakini mashine huhifadhi alama ya kidole. Haijui kama mwenye kidole anaweza kurudi nyuma kwenye mteremko. Kadi yaweza kuwa ya haki kabisa, yenye muhuri na namba, na shahada iliyo ndani yake ikawa ya uwongo. Hiyo haigunduliki kwa taa wala kwa kompyuta. Hugunduliwa na ng'ombe wa Itilima, au na mwanafunzi anayevuka barabara.

Sisemi kwamba Waingereza wametuacha nje ya orodha kwa sababu hii. Orodha kama hizo hufanywa kwa mapatano ya serikali na kwa kulinganisha mitihani na mitihani, na nchi zisizokuwamo ni nyingi mno kuliko zilizomo. Nasema tu kwamba siku tutakapotaka kuingizwa, jambo la kwanza tutakaloulizwa ni namna tunavyotahini. Na atakayesimama kutujibia ni kila aliyepata kununua na kila aliyepata kuuza. Aliyedhulumiwa na hawa wauzaji si Mwingereza. Ni kijana aliyejifunza kweli, akasoma kweli, na kadi yake leo haitofautiki na ya yule iliyomfuata nyumbani.

Basi nilimjibu kijana hivyo: kwamba amesema kweli, na kwamba ukweli wake ni hoja juu yake. Na zile fedha alizotaka nilimpelekea, kwa sharti kwamba ni za mwalimu wa udereva. Ni karadha, si zawadi. Anazirudisha kidogo kidogo, na ndugu yangu wa Tanga anakijua kiasi chake.

Akalipa pauni 34, akapata leseni ya kujifunzia. Mtihani wa kwanza ni wa maswali: ni 50, na lazima upate 43. Huo aliupita. Pamoja nao kuna video za barabarani, ambazo mtu hubonyeza mara aonapo hatari inaanza. Hufaulu kwa alama 44 katika 75, naye akapata 41. Alikasirika sana. Alisema kwamba aliziona hatari zote, ila alingoja zikaribie, kama tunavyowangojea ng'ombe. Akarudia, akapita.

Ama mtihani wa barabarani, ulimngojesha miezi. Foleni huko ni ndefu, na usidhani dalali yuko kwetu peke yetu: kuna watu Uingereza wanaozinyakua tarehe za mtihani kwa kompyuta, kisha huwauzia wenye haja kwa bei maradufu. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu dukani.

Wakati huo alikuwa anafundishwa na mwanamke wa Kigujarati, mdogo kwake kwa umri, gari limebandikwa L nyekundu mbele na nyuma. Dereva wa miaka kumi na moja! Wiki za mwanzo alilalamika kila siku: kwamba anaambiwa asipige honi, kwamba kwenye kipilefti anaambiwa angoje ilhali nafasi aiona. Khalafu malalamiko yakapungua. Usiku mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Ami, nimegundua kwamba mimi nilikuwa sitazami vioo. Nilikuwa nategemea utingo." Miaka yote hiyo alikuwapo kijana amening'inia mlangoni anayepiga bati kumwambia pita au simama, na macho ya kijana huyo ndiyo yaliyokuwa vioo vyake. Hapana mtahini wa kwetu aliyepata kumwambia.

Amefaulu mwaka 2025. Kwa lori bado. Kuna daktari, na mitihani mingine, na fedha nyingine. Huko huruhusu makosa madogo mpaka 15, na kosa kubwa moja tu humwangusha mtu. Aliponipigia siku ile, baada ya salamu nilimwuliza amefanya mangapi.

"Manne, Ami."

Nikamwuliza ni yapi. Akanieleza moja moja, na wateja wawili wamesimama na vitambaa vyao mikononi wakinisubiri.