Komponenti ya barua pepe na stima ya Migosi

Leo tuongee kuhusu kazi ambayo waandishi wengi wa programu huikadiria kuwa ya dakika 20: kuiwezesha programu ya kompyuta ya mezani itume barua pepe yenyewe. Mteja anasema, "Nikibonyeza hapa, invoisi imfikie mnunuzi." Unatafuta komponenti, unaiweka kwenye fomu, unajaza jina la seva na nenosiri, unaita Send, barua inafika. Unalipwa, unaenda nyumbani. Lakini kama unafanyia kazi Migosi kama mimi, ambapo mvua ya jioni ikianza stima hupotea na ruta huzimika nayo, utaona kwamba kutuma ndiyo sehemu rahisi.

Kwa msomaji asiye mwandishi wa programu: komponenti ni kipande kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, nawe unakitia ndani ya programu yako ili usianze kila kitu upya. Mimi bado natumia Delphi (chekeni tu), na humo kuna Indy, ambayo ni ya bure. TIdMessage inatengeneza barua, TIdSMTP inaipeleka kwa seva. Wanaotumia .NET wana MailKit, na Microsoft wenyewe wanashauri itumike hiyo badala ya SmtpClient yao ya zamani. Zote zinaongea lugha moja, SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982. Ni mazungumzo ya adabu sana: programu inabisha hodi, inasema barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, inamimina maandishi, inamaliza kwa nukta iliyo peke yake kwenye mstari, kisha inasubiri seva ijibu 250, yaani nimepokea.

Shida iko kwenye hiyo subira.

Kuna mama anayeuza samaki kwa jumla hapa Kisumu, mbuta na ngege, na wanunuzi wake wakubwa ni hoteli za Nairobi. Hoteli hizo hazitaki invoisi ya karatasi. Invoisi isipoingia kwa barua pepe kufikia Alhamisi mchana, malipo yanasukumwa wiki nyingine, na samaki aliyekwisha kuliwa huwezi kumdai arudi. Programu yake iliandikwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita, na niliitwa kwa sababu karani alikuwa anaiua mara kwa mara. "Fundi, imelala tena," ananiambia kwenye simu. Na kweli ilikuwa imelala: dirisha jeupe, Windows inaandika kwamba programu haijibu.

Nilipofungua msimbo nikakuta kitufe cha Hifadhi kinafanya haya kwa mpangilio huu: kinaanzisha muamala kwenye hifadhidata, kinaangalia namba ya mwisho ya invoisi na kuongeza moja, kinaandika invoisi, kinaunganisha kwa seva ya barua, kinatuma, halafu ndipo kinathibitisha muamala. Aliyeandika alifikiri vizuri kwa upande mmoja: barua isipoenda, invoisi isihesabiwe. Lakini hebu fikiria mtandao umekatika baada ya ile nukta ya mwisho na kabla ya 250 kurudi. Seva imeshaichukua barua, itaifikisha Nairobi. Programu haijui. Hakuna aliyeipa Indy kikomo cha kusubiri, kwa hiyo inasubiri tu. Karani anaiua, muamala haukuthibitishwa, invoisi inafutika dukani huku hoteli inayo. Invoisi inayofuata inapewa namba ileile. Ikafika siku hoteli moja ikawa na invoisi mbili zenye namba moja na jumla tofauti, na ofisi yao ya malipo ikasimamisha zote mbili mpaka maelezo yatolewe. Wanunuzi wakubwa hawagombani nawe. Wananyamaza tu, na hela haiji.

Pengo hilo si jipya. Craig Partridge alilieleza kwenye RFC 1047 mwaka 1988, karatasi fupi sana ambayo ningependa kila anayegusa SMTP aisome.

Kinachonishangaza ni kwamba zamani tulikuwa na dawa bila kujua. Enzi za Visual Basic 6 wengi walitumia MAPI: programu inamkabidhi Outlook barua, naye anaiweka kwenye kisanduku chake cha kutoka, mtandao uwepo usiwepo. Kisha mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kikapita dunia nzima kwa njia ya Outlook, Microsoft wakaweka onyo linalotokea kila programu nyingine inapojaribu kutuma, na waandishi waliochoshwa na onyo hilo wakahamia kwenye komponenti za SMTP za moja kwa moja. Onyo likaondoka, na kisanduku cha kutoka kikaondoka nalo. Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za mashirika zilisafiri kwa FidoNet: unaandika mchana, zinakaa kwenye kompyuta, modemu inapiga simu baadaye na kuzisomba. Hakuna aliyetegemea laini iwe wazi muda wote. Tukazoea vibaya baada ya waya wa SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja baharini, tulikumbushwa.

Kwa hiyo nilichofanya ni kurudisha kisanduku. Jedwali moja jipya kwenye hifadhidata. Karani akibonyeza Hifadhi, invoisi na mstari wa kisanduku vinaandikwa katika muamala mmoja, PDF ikiwa imeshatengenezwa hapohapo (ukiitengeneza wakati wa kutuma, bei ikibadilika kati utatuma kitu kingine). Dirisha linafunguka upya papo hapo. Programu ndogo ya pembeni inaamka kila dakika 2, inachukua kilichomo na kukituma, ikiwa na kikomo cha sekunde 60 cha kusubiri.

Majibu ya seva yanapewa maana yake. Yanayoanza na 4 ni jaribu baadaye. Yanayoanza na 5 ni acha, mwonyeshe mtu. Ila 535 naitendea tofauti: hiyo ni nenosiri limekataliwa, na hata barua inayofuata itakataliwa, kwa hiyo foleni yote inasimama. Google walipofunga mlango wa nenosiri la kawaida kwa programu za aina hii tarehe 30 Mei 2022, programu nyingi zilinyamaza kwa kosa hilohilo. Mwenye akaunti ya kawaida ya Gmail anahitaji uthibitisho wa hatua mbili na nenosiri la programu lenye herufi 16.

Barua kwenda mara mbili bado inawezekana. Pengo la Partridge halizibiki kwa upande wetu. Lakini sasa nakala zote mbili zina Message-ID moja, namba moja na jumla moja, na ofisi ya malipo haina la kuuliza.

Kilichobaki ni anwani zilizokosewa. Seva inazikubali, kisha saa moja baadaye inarudisha taarifa ya kushindwa kwenye kisanduku cha duka ambacho programu haikisomi. Indy ina TIdIMAP4 kwa kazi hiyo, sijaifikia. Kwa sasa karani anakifungua mwenyewe kila asubuhi, kabla samaki hawajafika.