Tanuri la Wazee wa Buhaya

Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, wazee waliombwa mwaka 1976 kufanya kazi ambayo mikono yao ilikuwa imeiacha kwa muda wa nusu karne hivi. Waliombwa kuyeyusha chuma. Majembe ya ng'ambo, yenye bei nafuu, yalikuwa yamekwisha kuyazima matanuri yao. Wahunzi waliendelea kufua chuma cha kununuliwa, walakini maarifa ya kukitoa chuma katika jiwe yalibaki vichwani mwa wachache, na vichwa hivyo vilikuwa na mvi.

Walioomba walikuwa wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani: Peter Schmidt, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifukua mabaki ya kale ya Buhaya, na Donald Avery, mhandisi aliyebobea katika elimu ya metali. Yule wa kwanza alijua kusikiliza wazee. Yule wa pili alijua kusoma chuma chini ya darubini. Mmoja bila ya mwenziwe angalirudi na nusu ya habari.

Wazee walikumbushana, wakabishana, wakajenga. Walichimba shimo, wakachoma matete ya kinamasi hata yakalijaza kwa mkaa mwepesi. Juu yake wakasimamisha tanuri la udongo wa kichuguu na mapande ya mavi ya chuma ya zamani. Mtapo ulichomwa kwanza kabla ya kutiwa tanurini pamoja na makaa. Mirija ya udongo ilipenyezwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto ya ngozi za mbuzi ikavuma saa baada ya saa. Kilichopatikana kilikuwa bonge la chuma lenye kaboni ya kutosha hata sehemu yake kuitwa pua.

Schmidt na Avery walieleza kwamba hewa, kwa kupita katika mirija iliyokuwa ndani ya moto, ilipata joto kabla ya kuyafikia makaa, na kwa hiyo tanuri likapita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Maelezo hayo yalitokea katika jarida la Science mwaka 1978, pamoja na habari za matanuri yaliyofukuliwa karibu na Ghuba ya Kemondo, ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 1,500 hata 2,000. Magazeti yaliifurahia habari hiyo, na aghalabu furaha ya magazeti haina breki.

Mwaka 1986 J. E. Rehder alipinga. Alisema kuwa mirija haiwezi kuipasha hewa joto kiasi hicho, na kwamba joto kubwa laweza kupatikana kwa kuongeza tu hewa inayovumishwa. Wengine walimfuata. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa kupima tanuri la mwaka 1976 si sawa na kupima tanuri lililozimika zamani za kale. Lakini haifai ubishi huo kuhesabiwa kuwa aibu ya Wahaya. Wazee hawakudai nyuzi zo zote. Hesabu ya nyuzi ilikuwa deni la wanazuoni. Wazee waliahidi chuma, na chuma kilitoka.

Tena liko jambo ambalo kipimajoto hakilioni. Kwa Wahaya tanuri lilikuwa mwili wa mwanamke, na kuyeyusha kulikuwa uzazi. Wayeyushaji walijitenga na wake zao wakati wa kazi. Dawa ziliwekwa ardhini chini ya tanuri. Schmidt na Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale wa Tanzania, waliandika mwaka 1997 juu ya vishimo vya dawa vinavyoonekana katika sakafu za matanuri ya kale. Mkemia angaliweza kukiona kishimo kama hicho akakipita.

Na makaa nayo yana ushahidi wake. Mti uliochomwa kuwa kaa huhifadhi umbo la nyuzi zake, hata mtaalamu aweza kuutambua baada ya miaka elfu. Kwa hiyo tanuri lililokufa hutaja msitu uliolilisha: miti gani ilikatwa, na ni ipi iliyofuata baadaye. Chuma chenyewe kiliondoka zamani kikawa jembe na mkuki, kikaliwa na kutu. Kaa lilibaki shimoni, juu ya mavi ya chuma, likingoja kusomwa.